Kaindi na Ngoma ya Nyuma ya Londri

Hoteli tuliyofanyia kazi pale Diani ilikuwa na malango mawili. La mbele lilikuwa la wageni. La nyuma lilikuwa letu sisi wafanyakazi, pamoja na magari ya mboga, lori la gesi, na wapiga ngoma. Kati ya lango hilo la nyuma na mlango wa londri palikuwa na pakingi ya changarawe, na hapo ndipo Kaindi alipoingiwa na mapenzi ya sengenya, ngoma ya Wadigo. Yeye Mkamba wa Shimba Hills, mwimba kwaya, asiyejua hata neno moja la Kidigo.

Kaindi alikuwa mpiga pasi. Mwanamke mrefu, mpole, lakini alikuwa na maswali kama mvua ya masika. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya matunda, na hakupita siku bila kuingia kuuliza jambo. Samaki huyu anaitwaje? Mbona macho yake yote yako upande mmoja? Mpishi wetu akimjibu, "Mama, huyu ni kitoweo, si jirani." Mumewe, Ndambuki, alibaki Shimba Hills na michungwa yake. Kaindi alipanga chumba Ukunda, nyumbani kwa Bi Ummi, mjane wa Kidigo, na kila mwisho wa mwezi akipanda kwenda kwake.

Wapiga ngoma walikuja baada ya sala ya Alasiri. Mkuu wao alikuwa Boga, aliyepiga chapuo, ile ngoma ndogo yenye sauti kali. Shutu, kijana wa mabega mapana, alipiga vumi, ngoma kubwa inayonguruma. Kahaso ndiye aliyeimba. Na Mzee Kibwana alipuliza nzumari. Mwembamba, mwepesi wa hasira, aliyejali viatu vyake kuliko kitu chochote. Hakukubali kukanyaga changarawe ila kwa ncha za vidole.

Kwanza waliwasha moto wa makuti makavu kando ya mapipa ya taka, wakazielekeza ngoma motoni ili ngozi zikaze. Boga alizigonga kwa kiganja, akatega sikio, akazirudisha motoni, akazigonga tena. Kaindi aliuona moto huo kupitia dirisha la londri, akadhani watu wanachoma kuku. Alitoka kutazama. Hakurudi ndani mpaka pasi yake ilipounguza foronya.

Ngoma zikishakaza, walipiga kitu kimoja cha kupasha mikono. Vumi lilianza peke yake, taratibu, kama mtu anayepanda kilima hana haraka. Chapuo likaingia kwa kunong'ona. Nzumari ikafuata kutoka mbali. Kaindi aliniambia kwamba alihisi kama anayesimuliwa kisa, na kisa ndiyo kwanza kinaanza kunoga. Hapo mlango wa hoteli ulifunguliwa, msimamizi wa burudani akapiga makofi. "Haya, haya! Wageni wameketi!" Ngoma ikakatwa katikati kama kamba, wakaingia ndani.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Kaindi akafikiri kwamba labda wanaendelea kule kwenye bwawa la kuogelea. Akajificha nyuma ya ua wa maua, akachungulia. Lo! Kule walipiga mambo mengine kabisa: ya haraka, ya kurukaruka, mafupi, kisha wageni wanapiga makofi na picha. Kile cha pakingi hakikuguswa.

"Kaka Boga," akamwuliza kesho yake, "ile mnayopiga hapa nje, mwisho wake unakuwaje?"

Boga akacheka. "Dada, na mie mwisho wake sijauona miaka mingi. Tukifika pale, tunaitwa."

"Lakini una mwisho?"

"Muulize mwenye nzumari. Aliyetufunza ni yeye."

Kaindi akamwendea Mzee Kibwana, akainama kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ngoma hii inaishaje?"

Mzee alikuwa akipangusa vumbi kwenye kiatu. "Haiishii hapa," akasema, akaingia zake.

Jibu hilo lilimkaa Kaindi kama mwiba wa samaki kooni. Tangu siku hiyo hakukosa pakingi. Na alifanya jambo lililotuchekesha sote. Kwetu pwani mtu akiguswa na ngoma humtunza mpigaji: huinuka, akambandika noti kwenye paji la uso. Lakini hilo hufanywa ngoma ikiwa imekolea, mbele ya watu. Kaindi alitunza pale kwenye mapipa ya taka, ngoma zikingali motoni. Tukamwita Mama Tunza-Mapema. Yeye hakujali. "Nyinyi mnangoja mwisho," alisema. "Mimi huo mwisho sioneshwi. Nitunze lini?"

Kwanza tulicheka, kisha tukatoka tukasimama naye. Wakaja watu wa bustani, watandika vitanda, na Munyoki, dereva wa lori la mboga. Ikawa kila siku ya ngoma, chai yetu ya mapumziko tunainywea pakingi, na mwenye chochote mfukoni anatunza. Wageni walilipia ile ya bwawani. Hii ilikuwa yetu.

Mwezi wa Agosti mwaka wa tisini na saba zikazuka vurugu, zikaanzia Likoni zikashuka huku kwetu. Watu wa bara wakawa wanaulizwa njiani: wewe ni nani, ni wa wapi? Na jibu likawa laweza kumtoa mtu roho. Kaindi na Ndambuki walifunga nyumba wakaenda Taru kwa jamaa zao, wakauza chai kando ya barabara kuu. Waliporudi Shimba Hills mwaka uliofuata, Bi Ummi alimtumia Kaindi salamu kupitia kwa Munyoki: chumba chako hakijakaliwa na mtu, na sufuria zako nimezisugua.

Alirudi Ukunda. Kazi haikuwapo tena. Wageni walikuwa wamekatika, na hoteli yetu ikafungwa kwa minyororo, akabaki Kavumbi peke yake kulinda lango la nyuma. Kaindi akanunua pasi ya makaa, akawa anapiga pasi nguo za watu barazani kwa Bi Ummi. Siku moja Kahaso alipita akiuza mihogo, ndipo Kaindi akapata habari za kikundi. Shutu alikuwa akipasua mawe ya kujengea kule Tiwi. Ngozi ya vumi ililowana katika mvua kubwa zilizofuata vurugu, ikapasuka. Na Boga alikuwa ameshapatana na muuza vinyago amchukulie ngoma zote.

Kaindi aliliacha shati la mtu limekunjwa nusu, akaenda kwa Boga.

"Nasikia unauza ngoma."

"Nifanyeje, dada? Ngoma haziliwi."

"Kwanza nisikie mwisho."

Boga akamtazama kuona kama anatania. "Hayo yote yaliyotupata, wewe bado unauwaza mwisho wa ngoma?"

"Kule Taru ndio niliokuwa nikiuwaza," Kaindi akajibu. "Malori yakipita usiku kucha, nami nawaza baada ya pale inakwendaje. Nipe muda kidogo, kaka yangu. Usiuze."

Alitutafuta mmoja mmoja, sote tuliokuwa tukisimama pakingi. Alinikuta nyumbani sina hata ya sukari. Nikamwambia, "Kaindi, watu hawana kazi, wewe unachangisha ngoma?" Akasema, "Ukiwa huna, toa usichonunua." Nikampa makuti ya moto, na ndiyo yaliyowashwa siku ya ngoma yenyewe. Mtu wa bustani alitoa ngozi ya mbuzi wake. Munyoki alijitolea kumchukua Shutu Tiwi. Waliokuwa na vishilingi walitoa, ngoma ikawambwa upya, na yule muuza vinyago akaambiwa asahau.

Tukakutana Jumamosi pale pale pakingi. Kavumbi alifungua lango nusu. "Ingieni," akasema, "lakini moto mbali na ukuta." Nyasi zilikuwa zimeota kwenye changarawe. Mzee Kibwana akalalamikia nyasi, kisha akalalamikia umande wa nyasi, kisha akatia nzumari mdomoni.

Vumi likaanza. Chapuo likaingia. Wakafika pale ambapo mlango wa hoteli ulikuwa ukifunguliwa, na sote, bila kuambiana, tukageuza macho kuutazama. Haukufunguka. Wakapita! Ngoma ikaingia mahali tusipopajua, ikapanuka, ikachangamka, hata Kavumbi akaweka rungu chini akacheza. Kaindi alisimama mikono kifuani, midomo wazi. Kisha Mzee Kibwana akashusha nzumari. Wote wakanyamaza.

"Imekwisha?" Kaindi akauliza.

"Haijakwisha. Sasa inaondoka."

"Inakwenda wapi, mzee?"

"Kwa mwenyewe," mzee akasema. "Ngoma hii huitwa na mtu. Huyo mtu hupika. Wapigaji huenda kwake na ngoma njia nzima, wakafika, wakala, ndipo mwisho ukapigwa mlangoni pake. Hapa mwenyewe alikuwa hoteli, na hoteli siku zote haikupata kutukaribisha sahani ya wali." Akavitazama viatu vyake. "Leo aliyetuita ni nani?"

Sote tulimtazama Kaindi.

"Sikupika," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi ukipika, tutakuja."

Nilirudi naye kwa miguu, na kwa mara ya kwanza sikusikia swali hata moja kutoka kwake. Nilijua lililokuwa moyoni. Ukunda ya siku zile, mtu wa bara alikuwa akifunga mlango jua lingali juu. Kuita umati na ngoma mlangoni pako, barabara nzima ikajua unakaa wapi? Na je, Waislamu wale watakula kilichotoka chungu chake? Ndambuki alipoelezwa, alisema, "Mke wangu, tumerudi tukae kimya. Na watu wa kanisa watasemaje?" Kaindi akamwendea Bi Ummi.

Bi Ummi alikuwa akichambua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho, asimkatize.

"Nyumba ya nani hii?" akauliza.

"Yako, mama."

"Na mlango?"

"Wako, mama."

"Basi waje. Kuku atachinja Kibwana mwenyewe, chungu kitakuwa changu, na mkono wa kupika utakuwa wako. Atakayekataa kula, atanieleza mimi."

Wakapika tangu asubuhi. Ndambuki aliteremka na gunia la machungwa, akaketi kwenye kigoda kama anayengoja hukumu. Mzee Kibwana alikuja mapema akachinja, akaenda zake kuungana na wenziwe. Baadaye, kutoka upande wa Diani, tukalisikia vumi. Mwanzoni tulilisikia miguuni tu. Kisha chapuo. Watu madukani wakatoka. "Harusi ya nani?" wakauliza. Kahaso akawajibu huku anapita, "Si harusi, tunakwenda kwa Kaindi!" Na wengine wakafuata ili wamwone huyo Kaindi ni nani.

Walifika, wakanawa, wakala. Sahani hazikutosha, tukala kwenye sinia. Ndipo Boga akasimama mlangoni, na mwisho ukaanza.

Ulikuwa mtulivu. Vumi pekee, kama lilivyoanza siku zote. Kahaso akaimba mstari mmoja wa Kidigo akimwelekea Kaindi, akanyamaza akingoja. Kaindi akamgeukia Bi Ummi.

"Anasemaje, mama?"

"Anakuuliza wewe ni nani, na wa nani."

Nilimwona Ndambuki akiinuka kwenye kigoda. Kaindi naye alibadilika uso. Barazani palikuwa na watu wengi, na wengine hakuwajua. Bi Ummi akamshika mkono. "Ngoma inauliza, mwanangu. Haiwezi kuisha kama mwenyewe hajatajwa."

"Mimi ni Kaindi," akasema. Vumi likapiga mara moja.

"Binti Kitonga." Likapiga.

"Mama yangu ni Syovata." Likapiga.

"Tulitoka Machakos, nikaletwa Shimba Hills nikiwa mgongoni." Kahaso akayatwaa maneno hayo yote, akayageuza Kidigo, akayatia katika wimbo, na watu wakaitikia wakimtaja baba yake na mama yake kama walioishi Ukunda siku zote. Nzumari ikapanda mara moja, ikakatika. Boga akaligeuza chapuo kifudifudi sakafuni.

"Ndiyo huo," Mzee Kibwana akasema. "Kuna chai?"

Kaindi alilia, akacheka, akamimina chai.

Kikundi hakikutajirika. Lakini habari ilienea, na watu wakaanza kuiita ngoma nyumbani kwao: Ukunda, Msambweni, hata Mkwiro ng'ambo ya maji. Sisi wa pakingi tuliendelea kuchanga kila wiki, za ngozi na za nauli. Hoteli ilipofunguliwa tena na wageni wachache, Boga alirudi kupiga bwawani, na Kaindi akarudi londri. Kuna wanawake wa kwaya waliomnunia Kaindi kwa muda mrefu, na mmoja hajamsamehe mpaka leo.

Katika familia ya Kaindi, aliyeiita ngoma mara ya pili alikuwa Ndambuki. Mwaka wa tisini na tisa, michungwa ilipozaa vizuri, alituma lori la Munyoki hadi Ukunda likawachukue wapigaji wote wapande Shimba Hills. Alikuwa ameshamtafuta Mwislamu wa kuchinja, na kwa siku kadhaa kabla yake, jirani zake walimsikia shambani akijizoeza kutaja majina ya wazee wake, moja baada ya jingine, ili asije akasahau hata mmoja.