Aanze Mwenye Mtungi

Enzi zetu hakuna mtu aliyechimba shimo Ifakara akategemea kulikuta kavu. Wewe mwenzangu uliyekulia bonde hili unajua: masika yakikolea hata kaburi linachotwa maji kwanza ndipo marehemu ashushwe. Lakini mjukuu wangu Fidelis, aliyesoma mpaka akavaa joho mara mbili, alichimba handaki chini ya nyumba yake aweke mvinyo.

"Bibi, mvinyo ili ukomae unataka giza na ubaridi," aliniambia.

"Na kambale anataka hivyo hivyo," nikamjibu.

Akacheka sana. Masika ya mwaka jana yalipofika akaacha kucheka. Maji hayakugonga hata mlango, yalipanda yenyewe kutoka chini, na vyura wakaja nayo. Chupa hazikuvunjika, ila zile karatasi za kueleza mvinyo umetoka wapi na una miaka mingapi zilibanduka zote zikaelea. Fidelis akaziokota, akazianika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, jirani na gagulo langu, kisha akazibandika upya kwa kukisia. Kwa hiyo siku hizi ukimsikia anasema hii ni ya Ufaransa, imekaa tangu yeye yuko shule ya msingi, elewa kwamba inaweza kuwa ya Dodoma ya juzi.

Pasaka hii akaita wenzake wa kazini waje kuonja. Mimi nikakalishwa kwenye kochi kama picha ya ukutani. Glasi zenyewe zina mguu mrefu kama wa korongo, na mvinyo unamiminiwa kidogo tu pale chini, kiasi cha dawa ya minyoo. Ukipewa hunywi. Unazungusha, unanusa, unafumba macho, halafu unasema uongo. Binti mmoja mwenye kucha ndefu alisema anasikia harufu ya ngozi ya farasi.

"Mwanangu," nikamuuliza, "farasi ulimnusia wapi?"

"Aa, Bibi bwana! Ni lugha tu ya mvinyo."

Kijana mwingine akasema anasikia udongo uliolowa mvua. Huyo nilimwamini, maana chupa ile ilikuwa imelala kwenye tope masika yote.

Nami nikapewa changu. Nikatia mdomoni. Siki! Siki kabisa, ya kutilia kachumbari. Nikasema, maana mimi shule niliishia darasa la pili, sikufika kwenye darasa la kuficha kile ulimi unachosikia.

"Fidelis, hii ni siki."

"Hapana, Bibi. Huo ndio ukomavu. Usigugumie, uache utulie kwenye ulimi."

Wenzake wote wakaitikia, ukomavu, ukomavu. Kisha nikawaona wanakwenda mmoja mmoja kulitazama lile ua la kwenye chungu karibu na mlango. Wanalisifia, wanaliinamia, wanarudi na glasi tupu. Mpaka jioni ua lilikuwa limekunywa kuliko watu. Na Fidelis? Fidelis alikuwa anamimina tu. Yeye mwenyewe hakuwa ameonja hata tone.

Siki haikunikera, wenzangu. Kilichonikera ni hicho cha mwisho: mwenye nyumba anamimina, wageni ndio wanaotangulizwa kuonja.

Bibi yetu, mama yake baba, aliitwa Kresensia. Alishuka kutoka upande wa Mahenge akiwa bado mwari, akaolewa huku bondeni, na mpaka anakufa alikuwa anatulaumu sisi kwa joto la Ifakara kana kwamba tulilileta sisi. Alikuwa anapika pombe ya asali. Asali ilikuja na watu wa milimani, wanabadilishana nasi kwa mpunga na kambale wakavu, na siku ya kufika kwao nyuki walikuwa wanatufuata mpaka jikoni. Bibi hakuchimba handaki. Mitungi yake alikuwa anaipandisha darini, juu ya jiko, ambako maji ya masika hayafiki hata yakasirike vipi. Mtungi ukishajaa, mdomo unafunikwa jani la mgomba lililokaushwa motoni, unazibwa kwa udongo wa kichuguu. Kukanda huo udongo ilikuwa kazi yetu watoto. Tunaukanda kwa miguu, tunapakana usoni, tunachapwa, tunaendelea.

Chini ya dari lile ndiko maisha yetu yalikuwa. Hapo tulisubiri pepeta, mpunga mchanga unakaangwa kwenye chungu, unatwangwa ungali wa moto, unatafuna na maji yake ya kijani yanakutoka pembeni ya mdomo. Watoto wa leo ukiwapa pepeta wanauliza kama kuna maziwa ya kumiminia. Hapo tulipigwa kelele tukicheza rede, maana mpira wa matambara ukigonga nguzo Bibi anatoka na mwiko. "Mkitikisa pombe yangu, nitawatikisa nyinyi!" Na alikuwa anatikisa kweli. Sikio langu la kushoto hadi leo limekaa mbali kidogo na kichwa.

Tulilelewa na sheria moja juu ya pombe ile. Mgeni hatii mdomo kabla ya mwenye mtungi. Awe padri, awe jumbe, awe mkwe, anasubiri. Bibi anafungua, anachota kata ya kwanza, anakunywa yeye mbele ya macho yao, ndipo kata inazunguka. Baba alikuwa anasema ni kwa ajili ya sumu, ili watu wasilale na wasiwasi. Bibi hakusema sababu yoyote. Alikuwa anakunywa tu, anajifuta, anasogeza kata mbele.

Pombe nyingi hazikukaa. Leo imeiva, keshokutwa imekwisha, kuna mavuno au kuna ubatizo. Ila mtungi mmoja Bibi aliufunga siku dada yangu mkubwa, Yustina, alipopokea komunyo ya kwanza, akasema huu utafunguliwa atakapokuja kuposwa. Akausukuma kule kwenye kona yenye moshi mwingi. Baba akamwambia, "Mama, pombe si ng'ombe, haizai ikikaa." Bibi akamjibu kwamba hata yeye alikaa tumboni miezi yote ile na mpaka leo hajaona faida. Basi, mtungi ukakaa. Kila mwaka Bibi anaupiga kwa kidole, anasikiliza mlio, anatikisa kichwa kama daktari. Majirani wote wakajua habari zake. Alijivunia kabla ya kuonja, na huo ndio ugonjwa wa ukoo wetu. Fidelis hakuutoa hewani.

Yustina akakua, akapendana na kijana wa Mchombe aitwaye Kasiani. Walionana kanisani kwenye sikukuu, mwanamume mrefu, mkimya, mwenye meno mazuri. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Damasi. Huyo alikuwa ameshampeleka kijana wake kwenye nyumba mbili kabla ya yetu. Zote alikaribishwa, akanywa, akashukuru, akasema, "Tumeonja," akatoka, na hakurudi. Neno hilo moja tu. Wasichana wa nyumba hizo wakabaki wanachekwa kisimani.

Siku ilipopangwa, Yustina akaacha kula. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja cha kamba, nikawa nasikia tumbo lake linanguruma na yeye analia. "Wakitoka na neno lile," aliniambia, "mimi nakwenda utawani." Bibi akasikia kutoka upande wa pili wa ukuta. "Utawani hawachukui mtu wa kuamshwa kwa maji," akasema. Lakini mwenyewe nilimwona asubuhi anaupapasa ule mtungi.

Wakaja. Mzee Damasi mbele, mkewe nyuma, Kasiani, na mshenga wao mwenye vidonda vya tumbo, aliyetembea ameinama kidogo kama anatafuta sindano. Wakaamkiwa, wakaamkia, wakakaa. Baba mdogo akapanda darini, akaushusha mtungi kwa kamba, mweusi kama sufuria ya msibani. Yustina kwa desturi alikuwa ndani, lakini jicho lake liko kwenye ufa wa mlango, na mimi kichwa changu kiko chini ya kidevu chake.

Bibi akabomoa udongo. Akatoa jani.

Jamani! Ile harufu ilitufikia ndani, macho yakawasha. Kuku waliokuwa wanadonoa pale uani wakahama kwa mguu, bila haraka, kwa heshima. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Miaka yote ile, kidole chote kile, na ndani mna siki. Baba akainamisha kichwa. Nikahisi meno ya Yustina yanagongana juu ya utosi wangu.

Hapo Bibi angeweza kusema mtungi umeharibika, tuleteeni mwingine. Lakini alikuwa ameshautangaza mpaka Mkula. Angeweza pia kuwachotea wageni akasingizia kichwa kinauma. Mkono wake ukaenda kwenye kata kama siku zote. Akachota, na hakuchota nusu. Akainua, akanywa. Tukaona koo linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, mishipa imesimama shingoni, chozi moja limetoka likaingia kwenye kunyanzi na kubaki humo humo. Akaimaliza yote. Akajifuta kwa upande wa khanga.

"Imekaa," akasema.

Akachota tena, akampa Mzee Damasi.

Yule mzee akaitazama kata, akamtazama Bibi. Akanywa. Masikio yake yalisogea, nakuapia, yalisogea kama ya punda. Akameza. "Imekaa," akasema. Kata ikaenda kwa mkewe. Mama yule akanywa amefumba macho kama anayeungama. "Imekaa kweli." Mshenga akafanya ishara ya msalaba, akanywa, akatoa kwikwi ambayo haikuisha mpaka wanaondoka. Kasiani akanywa amekodolea macho ule ufa wetu, na huyo hakukunja hata uso. Mwanamume akipenda hana ulimi.

Mzee Damasi akasimama. Yustina akanishika bega mpaka nikasikia kucha.

"Mama," mzee akasema, "hii pombe ni mbaya sana."

"Naijua," Bibi akasema. "Nimeinywa."

"Umeinywa. Ndiyo maana nasimama. Nyumba ya kwanza niliyokwenda walinipa pombe nzuri, mwenye nyumba akagusisha mdomo tu. Ya pili nikanyweshwa mimi kwanza, wao wakanitazama. Wewe umekuta kibaya, umekimaliza kata nzima mbele yangu kabla hujanipa mimi. Akimwoa binti aliyelelewa na mama wa namna hii, mwanangu hatalishwa kitu ambacho mkewe hajakitangulia." Akakaa. "Haya, sasa tupeni inayonyweka, tumbo la mshenga linakufa."

Yustina alipiga kigelegele huko huko ndani, kinyume cha desturi yote, na Bibi akageuka akamkaripia, "Nyamaza, bado hujaolewa!" Lakini alikuwa anacheka, na anapocheka siki inamrudi anakohoa, anacheka tena. Ile pombe ya juma lililopita ikashushwa, akaionja yeye kwanza, ikazunguka mpaka majirani wakaja bila kuitwa. Siki nyingine yote Bibi aliitumia kwenye samaki, na hakuna mwaka niliokula kambale watamu kama mwaka ule.

Yustina na Kasiani wameishi Mchombe maisha yao yote. Kasiani tumemzika mwaka juzi. Alipokuwa mgonjwa, dada yangu alikuwa anakunywa uji kwanza kijiko kimoja, ndipo anamlisha, hata pale uji ulipokuwa dawa za majani machungu za kutapisha. Nilimkuta anafanya hivyo, uso umekunjamana.

Siku hizi naalikwa harusi za wajukuu kwenye ukumbi. Kuna viti vimevishwa mashati, kuna mtu wa kipaza sauti anayewaagiza wakwe wacheze, kuna keki inayokatwa kwa maombi mengi kuliko ng'ombe. Vinywaji vinakuja vimefungwa kiwandani, kizibo kinalia, kila mtu amepewa chake na kijana wa kukodi asiyejua jina la bibi harusi. Ni safi, sikatai, na tumbo halisokoti. Mimi nakaa na glasi yangu mkononi, naangalia huku na huku nione nani wa nyumba hii atakayetangulia. Wenzangu mliobaki nawaona meza ya mbali, na nyinyi mmeshika glasi hivyo hivyo, mnaangalia. Vijana wanatupita wanasema wazee hawa wamechoka, warudishwe nyumbani. Hatujachoka. Tunamsubiri mwenye mtungi.