Mwaka Mama Aliposhona Hema

Juzi nilikuwa Nanyuki, kwa mfanyabiashara anayeuza vitu vilivyotupwa na wanajeshi: mabuti, mikebe, maturubai. Alinikunjulia turubai moja la kijani na harufu yake ikanipanda puani kabla sijauliza bei. Ilikuwa harufu ya mafuta taa, vumbi na nyasi zilizolowa. Papo hapo nikawa Nyambura, msichana wa darasa la tano, nimechuchumaa kando ya cherehani ya Mama nyumbani kwetu Gatitu, Nyeri, nimeshika ncha ya hema huku yeye akishona kwa hasira.

Ndiyo, kwa hasira. Mama alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na kwa kawaida mguu wake ulikanyaga pedali polepole kama mtu anayebembeleza mtoto. Mwaka ule ulikanyaga kama mtu anayeua siafu. Nami sikumlaumu, maana nilijua siafu huyo alikuwa nani.

Ndugu mkubwa wa Baba tulimwita Baba Shiku. Alikuwa na duka la misumari, mabati na rangi huko Nanyuki, na gari lenye nafasi ya watu wengi. Mkewe, Mama Shiku, ndiye aliyekuwa na usemi katika nyumba ile. Desemba iliyotangulia walikuwa wameahidi kutupeleka Pwani: mimi, mdogo wangu Muthoni, na Cucu, yaani nyanya yetu, mama wa Baba na Baba Shiku, ambaye aliishi nasi. Cucu alikuwa amezeeka bila kuiona bahari. Alikuwa akiuliza maswali ambayo hakuna aliyeweza kumjibu. "Ati iko na chumvi? Nani aliitia?"

Asubuhi ya safari Baba alitufikisha kwenye barabara kuu inayotoka Nanyuki, tukasimama na mifuko yetu. Cucu alikuwa amejifunga kitambaa chake cha kanisani. Hakutaka kuketi kwenye nyasi kwa sababu ya umande, kwa hiyo alisimama muda wote, mkono mmoja juu ya bega langu. Hatimaye gari likatokea. Tukainua mifuko. Baba Shiku akapiga honi mara moja, kama mtu anayesalimia majirani, na gari likapita. Niliona vichwa vya watoto nisiowajua. Nilimwona Mama Shiku amegeuza uso upande wa pili, simu sikioni.

Baadaye alipiga simu kusema kwamba rafiki yake alikuwa ameongeza watoto, gari likajaa, tuvumilie hadi mwaka mwingine. Cucu alifungua kitambaa, akakikunja, akaenda kuwapa mbuzi majani. Mama naye, wiki hiyo hiyo, alinunua maturubai.

Hivyo ndivyo ilivyoanza mipango ya safari yetu wenyewe. Jioni, baada ya chakula, meza iligeuka kuwa ofisi. Baba alikuwa fundi wa bomba, na mtu mmoja aliyewahi kumfanyia kazi alikuwa na shamba huko Kilifi, kando ya ghuba, akakubali tupige kambi chini ya minazi yake. Baba alipendelea ghuba kuliko ufuo wazi. Alisema maji ya ghuba hutulia, na Cucu angeweza kuingia hadi magotini bila kuangushwa na wimbi. Mama alitaka kujua jiko la makaa litawekwa wapi upepo ukivuma. Muthoni alitaka kujua kama kuna fisi. Cucu alitaka kujua kama maji yale ni baridi kama ya mto Chania, kwa kuwa kama ni baridi hivyo, yeye angebaki kwenye mchanga na kutuombea.

Hema lilipokamilika mara ya kwanza tulilijaribu uani. Ilikuwa Julai, na yeyote aliyekulia Nyeri anajua Julai ni mwezi wa kuvaa sweta mbili na bado kutetemeka. Tulilala humo tumebanana kama viazi guniani. Alfajiri pembe moja ikavuja, maji yakamdondokea Baba shingoni, akatoka akicheka. Mama hakucheka. Alifumua pembe ile yote, akaishona upya, kisha akausugua mshono kwa nta ya mshumaa hadi vidole vikang'aa. "Tutalala karibu na maji kuliko wao," alisema. "Wao walilala hotelini. Sisi tutasikia maji yakipumua."

Nami nilikuwa na mipango yangu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametufundisha kwamba mtenda akitendewa hudhani kaonewa, nikaipenda methali hiyo kama peremende. Niliisema nikiteka maji, nikiosha vyombo, nikipanda kitandani. Usiku mimi na Muthoni tulinong'ona kuhusu kaa tutakaowakamata, na jinsi tutakavyowafunga kwenye mfuko na kumletea Mama Shiku kama zawadi. Hatukuwa tumewahi kuona kaa, lakini tulisikia kwamba wanauma.

Mambo yakageuka bila sisi kugusa chochote. Biashara ya Baba Shiku ilidorora, gari likauzwa, na Novemba ya mwaka ule, mvua ikiwa nyingi, Mama Shiku akaja kwetu na mkate na chupa kubwa ya soda. Alikuwa amesikia habari za hema. Aliketi, akanywa chai, akauliza kama watoto wake wanaweza kuja nasi, halafu akauliza kama wote wanaweza kuja. Mama akasema hakuna shida, gari la kukodi lina nafasi. Nilidhani Mama amerogwa.

Kikombe cha pili hakijaisha, Mama Shiku akaanza kupanga. Akaamua nani atalala upande gani wa hema. Akasema Kilifi ni mbali mno, kwa nini tusiende Diani. Kisha akashusha sauti.

"Mama Nyambura, wacha nikwambie ukweli. Huyu mzee tumuache. Joto ya huko atawezana nayo aje? Tutaenda kuogelea ama kubeba mgonjwa?"

Cucu alikuwa nyuma ya pazia, akiambua maharagwe. Nilisikia maharagwe yakidondoka kwenye sufuria, moja moja, kisha yakanyamaza, kisha yakaendelea.

Mama alimwongezea chai. "Sawa," alisema. "Si mko na dada yako Karatina? Mlale kwake usiku wa kuamkia safari, halafu mtungoje barabarani karibu na soko, saa kumi na mbili asubuhi. Msichelewe."

Alisema kwa upole mno. Niliijua sauti ile. Ndiyo sauti aliyowapa wateja ambao nguo zao hakukusudia kushona.

Siku ya safari Cucu alipandishwa wa kwanza. Baba alikaa mbele na dereva, jirani yetu Kamau, hema likiwa limefungwa juu ya gari. Kulipopambazuka tulikuwa tunaingia Karatina, ukungu ukipanda, wanawake wakipanga kabichi kando ya barabara. Nikawaona. Baba Shiku na kofia yake. Mama Shiku ameketi juu ya begi, amevaa kofia pana ya ufukweni katika baridi ile. Shiku, binamu yangu wa rika langu. Na mdogo wake, ambaye tayari alikuwa amevaa boya kiunoni. Baba Shiku akainua mkono. Kamau akaanza kupunguza mwendo.

"Usisimame, Kamau," Mama alisema kutoka nyuma.

Kamau akamtazama Baba. Baba alikuwa akitazama mbele.

"Piga honi," Mama akasema. "Mara moja tu."

Honi ikalia. Nilipiga magoti kwenye kiti nikatazama nyuma, nikamwona Mama Shiku akiinuka, kofia ikidondoka, na Shiku akikimbia kidogo akidhani tunaegesha mbele. Nataka kusema kweli kuhusu jinsi nilivyojisikia. Nilijisikia vizuri. Nilijisikia kama mtu aliyekunywa uji wa moto baada ya kunyeshewa. Muthoni alipiga makofi. Niliisema methali yangu kwa sauti, na Mama, ambaye hakuwa ametabasamu mwaka mzima, akatabasamu.

Tulikuwa tumeshapita soko Cucu alipouliza, "Hao si ni watoto wangu?"

"Ndio wao, Cucu," Mama akajibu.

Cucu akageuzia uso dirishani hadi tulipopita Sagana.

Ghuba ilikuwa kama Baba alivyosema. Maji yalitulia, hema halikuvuja, na Cucu aliinua sketi akaingia hadi magotini, akachovya kidole, akakilamba, akatema mate, akasema aliyeitia chumvi hakuwa na kipimo. Tulicheka hadi tukaketi majini. Kila nikimkumbuka Cucu namkumbuka pale, na siwezi kusema safari ile ilikuwa mbaya.

Lakini Baba hakuwa nasi majini. Alikuwa akitembea ukingoni, huku na huku, simu sikioni, akiishusha, akiitazama, akiirudisha sikioni. Nilidhani anatafuta mtandao. Nilimwonea huruma, nikamwelekeza apande kwenye mwamba ambapo pengine ungeshika.

Baba Shiku hakuipokea simu ile, wala nyingine zilizofuata kwa miaka. Walikutana kwenye mazishi ya Cucu, wakasimama pande mbili za kaburi, wakapokezana sepetu bila kutazamana. Mama hajawahi kujuta, na ukimuuliza leo atakuuliza kama wewe ulikuwapo Cucu aliposimama kwenye umande. Mimi nilikuwapo, kwa hiyo simuulizi.

Baba ndiye niliyemuuliza, si zamani sana, tukiwa wawili tukifunga tangi la maji nyumbani. Nilitaka kujua kama alimkasirikia Mama siku ile. Alikaza nati, akaijaribu kwa mkono, akaikaza tena.

"Ndugu yangu alikuwa ameshika usukani siku ile aliwaacha nyinyi na Cucu barabarani," alisema. "Mwaka mzima nilikuwa najiuliza, kwani hakuwa na mdomo? Halafu pale Karatina nikakaa nikingoja mama yako aseme simama. Hakusema." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Na mimi pia nilikuwa na mdomo."