Eriali ya Kumwonyesha Mama Mkwe

Mwanzia hapendi kitu kidogo, hasa mama mkwe akiwa njiani. Jumapili hiyo binti yake Mumo angeimba na kwaya ya shule kwenye televisheni, na nyanyake alikuwa ametoka Kibwezi makusudi amwone.

Sylus, fundi wa eriali pale Voi, alimwambia wazi. "Mzee, mnara wa TV si unauona hapo mlimani kwa macho? Chukua hii ndogo, kama ya jirani yako Jedidah. Kubwa ni za watu wa mbali. Hapa itavuta mawimbi mpaka king'amuzi kilemewe."

"Ya Jedidah? Chanuo kile? Mkwe wangu atoke kwake aje kuona chanuo?" Akabeba kubwa kuliko zote dukani, akaisimika kwenye bomba refu juu ya nyumba. Sikio la kufa halisikii dawa!

Saa ya kwaya ikafika, picha ikaanza kukatikakatika. Mwanzia akapanda juu ya paa kuigeuza eriali yake. "Imeshika?" akauliza kwa sauti. Akaizungusha tena. "Si mnijibu! Imeshika?"

Kumbe Mutheu, mkewe, alikuwa amekimbilia kwa Jedidah kuomba msaada. Ndani alibaki mama mkwe peke yake. Na kwa Wakamba, mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hata kusemeshana ni kwa kupitia mtu mwingine. Mwanzia alikuwa amemfokea, tena akiwa juu ya kichwa chake! Aibu ilimwingia alipomwona mkewe akija mbio kutoka kwa Jedidah.

Mutheu akaingia, akamshika mamake mkono wavuke kwa Jedidah. Mama mkwe akapita chini ya paa, leso usoni, asiangalie juu.

Mwanzia hakuthubutu kushuka wasije wakakutana. Akachuchumaa kwenye mabati ya moto, amekumbatia bomba lake, akisikiliza wimbo na vigelegele kutoka dirisha la Jedidah. Watu wakiaibika hutamani ardhi ipasuke iwameze. Yeye hata ardhi hakuwa nayo.

Wimbo ulipokwisha, Mutheu akaja kusimama penye ngazi.

"Mama amefurahi mpaka amelia. Anauliza, baba mtoto amemwonaje Mumo?"

"Mwambie..." Mwanzia akaanza, akashindwa kuendelea. Hakuwa amemwona.