Shimo Linalopigwa Picha

Jino lilinipeleka kwa daktari wa meno hapa Tanga wiki hii. Aliyenitangulia ni bibi mmoja wa Nguvumali, kiganja kimeshika shavu. Alikuwa ametolewa uvimbe ndani ya taya, mfupa ukabaki na shimo, na tangu hapo kila baada ya miezi kadhaa huitwa kupigwa eksirei.

Mlango ulikuwa wazi, nasi wa kwenye benchi tulisikia yote. Daktari aliweka picha mbili kwenye kompyuta, ya mwanzo na ya leo.

"Shikamoo bibi. Hapa palipo peusi ndipo penye shimo. Unaona leo weusi umepungua?"

"Marahaba mwanangu. Picha nimeziona. Shimo lenyewe mtalijaza lini?"

"Hatulijazi, bibi. Mfupa unaota wenyewe taratibu. Sisi tunapiga picha tu, kuona unavyoendelea."

Bibi akashusha mkono shavuni, akamtazama kwa jicho lile la kuchagulia samaki sokoni.

"Njia ya mtaani kwetu nayo ina shimo. Kila mwaka huja watu wenye vizibao vinavyong'aa, wakalipiga picha, wakaenda zao. Nawe u mwenzao?"

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka, maana hatimaye nilikuwa nimewaelewa wakubwa wetu. Miaka yote hii nikiwasema vibaya, kumbe hawajatutupa. Wanasubiri lami iote.