Gari la Mbio la Baba yake Bi Zuhura

Ninafundisha ufundi wa magari Barking, na gari la zamani nikionyeshwa pichani huwa sishindwi. Basi jirani yangu wa Kilburn, Bi Zuhura, aliniletea picha ya marehemu baba yake ameshika usukani, akitaka kujua ni gari gani kabla hajaitia fremu. Nikamwelekeza taratibu.

“Usianze na jina, Bi Zuhura. Anza na umbo. Pua ndefu, kiti kimoja, namba ubavuni. Hili ni gari la mbio la Kiingereza, fundi kaliunda mwenyewe bandani kwake. Bomba hili lililosimama nyuma ya dereva ni la moshi. Na huku mbele, pembeni, ni bendera ya kuanzishia mbio.”

“Kumbe baba alikuwa dereva wa mbio!” Machozi yakamlengalenga.

“Tena hodari. Tazama alivyotulia.”

Siku ya Idi picha ilikuwa ukutani, sebule imejaa wageni, na Bi Zuhura akaniomba nieleze tena. Nikaeleza vizuri kuliko mara ya kwanza. Shangazi yake akavaa miwani, akasogea.

“Mbio gani, mwalimu? Kaka hata baiskeli hakuijua. Hiki ni kigari cha pembea ya kuzunguka, tuliipanda pamoja tulipofika London. Hilo bomba lako ndicho chuma kilichokishikilia. Mimi nilikuwa mbele yake, juu ya farasi wa mbao.”

Kisha akaweka kidole juu ya bendera yangu.

“Na huu ni mkia wake.”