Nerima, fundi anayesoma soli kabla ya kubandika raba

Saa nne kasoro robo, Jumamosi asubuhi, kwenye baraza ya ukumbi wa kambi ya polisi, Naguru. Nerima amekaa kwenye kigoda chake, amepakata kiatu cha michezo. Anakipindua, anaifuta soli kwa kidole gumba, anaisogeza karibu na macho.

Mwenye kiatu, Konstebo Acen, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Mama, rudisha kiatu yangu! Wanaita mimi!"

"Ngoja, binti yangu. Nakihakikisha tu."

"Si ulihakikisha jana? Na juzi?"

"Kiatu hakidanganyi," anasema Nerima, akimrudishia. "Ila moyo wangu ndio unaruka leo."

Unaruka kwa sababu. Acen anawania nafasi ya mwisho kwenye timu ya mpira wa meza ya kambi, akiwa na kibao ambacho Nerima amekibadilisha raba kinyume cha ushauri wa kocha. Akishindwa, Nerima naye anapoteza kazi ya vibao.

Nerima, mwenye umri wa miaka 49, ni fundi viatu. Alitoka Bungoma, Kenya, akafika Kampala mwaka 1989, vita vimekwisha na mji unaanza kuchangamka. "Watu wakitembea, fundi viatu anakula," anasema na kucheka. Kibanda chake kiko Bugolobi, chini ya maghorofa. Kisigino kimoja humpa shilingi 3,000. Kubandika raba upande mmoja wa kibao humpa 10,000, na kwa miaka sita sasa Jumamosi hupanda Naguru kuihudumia timu.

Alianza kwa aibu. Kibao cha kwanza, cha askari aliyekuwa jirani yake, alikibandika kwa gundi ya viatu. Jioni raba ilikuwa imekakamaa kama bati.

"Yule afande alipiga mpira mmoja, akanitazama, akaondoka. Afadhali angenitukana!"

Siku hizi anatumia gundi nyeupe ya maji. Anaipaka kwa kipande cha sponji, anaingoja mpaka weupe wote upotee, kisha anailaza raba taratibu na kuviringisha chupa tupu ya soda juu yake ili upepo utoke. Haharakishi. Mwenye haraka anaambiwa akanywe chai kwanza.

Lakini kinachowashangaza watu ni jinsi anavyochagua raba. Mafundi wengine huuliza mchezaji anapenda nini. Nerima huomba viatu.

Anatoa mfano wa Kaltumi, bingwa wa kambi mwaka jana, ambaye kocha amempanga ampime Acen leo. Soli za Kaltumi zimelika mbele, kwenye vidole. Huyo ni mtu wa kuivamia meza. Nerima alimbandikia raba laini yenye kunata, ile ambayo ukiigusisha mpira na kuinua, mpira unaning'inia kidogo kabla ya kuanguka. Raba hiyo inauzungusha mpira kama pia. Anayepiga moja kwa moja, pa, pa, bila mizunguko, humpa raba ya vipele vifupi. Anayezungusha akiwa mbali kidogo na meza humpa yenye sponji nene, inayorusha.

"Sasa huyu Acen," anasema, "miaka miwili anatumia raba ya kunata, sawasawa na ya Kaltumi, na anapigwa kila siku. Nikatazama soli. Mbele mpya kabisa! Visigino vimekwisha. Huyu anarudi nyuma, anangoja. Ni golikipa mliyempa viatu vya mshambuliaji."

Upande mmoja akaiacha raba ya kunata. Upande wa pili akaweka vipele virefu, vyembamba, vinavyolala mpira unapogusa. Havizungushi chochote. Vinamrudishia mpinzani mzunguko wake mwenyewe.

Kocha, Sajini Ogwal, alipoviona wiki iliyopita, alikunja uso.

"Mama, wewe shona viatu. Hii ni raba ya wazee."

"Na binti anasimama kama mzee, afande. Tazama kisigino."

"Akishindwa Jumamosi, vibao vyote vinaenda kwa fundi wa mjini. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

Sasa ukumbi umejaa. Seti ya kwanza Acen anaisogelea meza kama kocha alivyomfundisha, na Kaltumi anamchapa 11-4. Ogwal anageuza shingo kumtafuta Nerima. Seti ya pili, 11-7. Banange, jamani! Imebaki moja tu ashindwe.

Acen anatazama barazani. Nerima anainua mguu wake na kugonga kisigino kwa kidole, mara mbili.

Acen anarudi nyuma hatua mbili.

Kaltumi anazungusha kwa nguvu zake zote. Vipele vinaupokea. Mpira unarudi polepole, unaelea, unagusa meza, na Kaltumi akiupiga unazama kwenye wavu. Anatazama kibao chake. Anapiga tena, wavu tena. Kadiri anavyozidisha mzunguko ndivyo unavyomrudia.

"Ongeza nguvu!" anapiga kelele mtu.

"Msimwambie!" anajibu mwingine. Kicheko.

11-8, Acen. 11-6, Acen tena. Seti ya tano watu wamepanda juu ya viti. Kumi kwa tisa, Acen mbele, Kaltumi anavuta mkono mpaka nyuma ya bega, na mpira unaingia wavuni kwa upole kama yai kwenye kiota. Acen anadondosha kibao, anakimbia barazani, anamnyanyua Nerima pamoja na kigoda.

"Utaniangusha! Kibao umekiacha chini, gundi itaachia!"

Kaltumi anakuja akifuta jasho. "Mama, umenimaliza."

"Wewe pia ni mteja wangu. Njoo Jumatatu na viatu."

Ogwal anakuja wa mwisho. Anakaa, anavua kiatu cha kulia, anampa Nerima. Nerima anakipindua, anakifuta kwa kidole gumba.

"Afande, hii haina raba ya kuifaa."

"Kwa nini?"

"Imelika nyuma kabisa, pembeni. Ni soli ya kukaa kwenye benchi, miguu umenyoosha."

Ukumbi unalipuka, na Ogwal anacheka kuliko wote. Kisha anauliza Jumamosi ijayo alete vibao vingapi.

"Vyote," anasema Nerima.

Tayari ana mpango. Seremala wa Bugolobi amempa mbao mbili pana, na nafasi iko kando ya kibanda, palipo na kivuli hadi saa saba. Anataka meza yake, ili mchezaji aijaribu raba pale pale kabla hajaondoka, na mafundi wa visigino wenzake wacheze wakati wateja hawapo.

"Na mimi nijifunze," anasema, akiutazama mguu wake. Soli yake imelika sawa pande zote. "Bado sijajua mimi ni wa raba gani."