Mistari Sita Aliyoiruka Wifi

Wifi yangu ana sauti ya kumfanya mtu asahau chai yake mpaka ipoe. Kaka alipomleta nyumbani miaka ishirini na minane iliyopita, alipiga hodi tu nikasema huyu ni wetu, hata kabla sijamwona uso. Kazi yake ni kuwasomea wasioona. Chumba chake kiko nyuma ya maktaba, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi, na feni huzimwa kwa sababu inanguruma. Mimi ndiye ninayebonyeza mashine ya kurekodi. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyasikia kwa masikio yangu, siyo umbea, ingawa umbea nao siuchukii.

Kazini havai bangili. Anakula kipande cha mkate kabla ya kuanza ili tumbo lisisikike kwenye rekodi. Na ana sharti moja: haruki neno. Hata kosa la chapa analisoma lilivyo. "Asiyeona naye ana haki ya kuyapata makosa yote," husema, na hapo usimbishie, maana mdomo anao.

Mwaka jana akaletewa kitabu cha falsafa ya Magharibi, kuanzia watu wa karne nne zilizopita hadi karibu na sisi. Aliyekihitaji ni mwalimu wa chuo cha ualimu, aliyefundisha falsafa miaka kumi na tisa, kisha presha ya macho ikamzimia nuru ndani ya miezi minane. Chuo kilimpa mpaka muhula ufunguliwe. Akiweza kulimudu darasa, arudi. Akishindwa, atahamishiwa mapokezi akapokee simu. Zilibaki wiki sita.

Rekodi za kwanza zikarudi na ujumbe wa mwalimu: msomaji anasoma vizuri sana, ila haelewi anachosoma. Loo! Wifi alipandwa na hasira mpaka akavua miwani.

"Mwambieni aje aelewe yeye mbele yangu!"

Akaja kweli, mrefu, vifungo vya shati vimepishana, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Kuanzia siku hiyo wao wakawa wa kubishana na mimi wa kucheka.

Majina ya wale wanafalsafa wifi aliyatamka kwenye rekodi tu. Nje ya hapo aliwapa ya kwake. Aliyesema mtoto huzaliwa na akili tupu, mengine yote huyapata kwa kuona na kugusa na kusikia, alikuwa Bwana Karatasi.

"Huyo hakulea mapacha," alisema wifi. "Wangu walitoka mmoja mkali, mmoja mpole, na hakuna aliyewaandika."

Aliyedai tunaamini jua litachomoza kesho kwa mazoea tu, alikuwa Bwana Mazoea, na huyo alimpenda. Aliyekataza uongo hata kwa muuaji anayekuuliza rafiki yako kajificha wapi, akawa Bwana Wajibu.

"Huyu hana mawifi," akasema, akinikazia macho.

Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada, hata mke hakuwa naye!" Baadaye alituambia kwamba hajacheka hivyo tangu macho yamwondoke.

Sura ya kwanza tuliisoma mwisho, kwa kuwa kurasa zake ziling'oka zikawa kwa fundi wa kujalidi vitabu. Humo ndimo alimokaa Bwana Shaka, aliyeamua kutilia shaka kila kitu mpaka apate kimoja kisichotikisika. Wifi alikuwa anateleza vizuri tu. Kisha nikaona macho yake yametangulia chini ya ukurasa, na sauti ikapungua. Akafungua ukurasa unaofuata, akaendelea.

Nilichungulia. Mistari sita ya mwisho, Bwana Shaka anajichukulia kuwa hana macho.

Mwalimu akainua mkono. "Dada, umeruka."

"Sijaruka."

Miaka ishirini na miwili ya kazi, sikuwahi kumsikia akidanganya ndani ya chumba kile. Uso ukamwiva kwa aibu.

"Ukurasa huo nimeufundisha miaka kumi na tisa," mwalimu akasema taratibu. "Umenionea huruma?"

"Nimekuonea, Mwalimu. Nisamehe."

"Basi usinionee. Nisomee. Hapo ndipo ninapopataka."

Akasoma. Kwamba ajichukulie hana macho, hana mikono, hana mwili, na kila alichowahi kukiona ni udanganyifu. Na bado yule anayedanganywa yupo. Mradi anawaza, hakuna awezaye kumfanya asiwepo. Mwalimu aliomba asomewe mara tatu, na mara ya tatu midomo yake ikafuatana na sauti ya wifi. Nililia bila kujificha. Kwanza nani angeniona, wifi mwenyewe alikuwa anapangusa miwani.

"Miaka yote hiyo," mwalimu akasema, "nilikuwa naiandika mistari hii ubaoni napokea mshahara tu."

Kabla ya muhula kufunguliwa wifi alimrekodia orodha ya wanafunzi, majina arobaini na moja, akayakariri. Siku yenyewe tulimsindikiza, tukakaa dawati la nyuma, jirani na mkuu wa chuo aliyekuja kumpima, na daftari lake limefunguliwa tayari. Mwalimu alisimama ameshika ukingo wa meza. Wifi akanibana mkono mpaka ukaniuma.

Akaanza kuita majina bila karatasi, na kila aliyeitwa akajibu kama wanafunzi wanavyojibu kila asubuhi.

"Nipo."

"Nipo."

"Nipo."

Kila jibu aligeuza uso kulifuata. Alipomaliza la arobaini na moja, akauachia ukingo wa meza.

"Mmejuaje?" akauliza.

Darasa likaangua kicheko.

"Nauliza kwa dhati. Mimi siwaoni. Nyinyi mmejuaje kwamba mpo?"

Kicheko kikafifia. Wakatazamana, mmoja akajishika mkono. Kando yetu mkuu wa chuo alilisukuma daftari pembeni, kisha akanyoosha mkono ili ajibu.